Uzoefu wangu: nilipiga mafuta ya sufu chini ya Datsun 1200 hapa Mombasa

Nianze na jibu kwa wale hawana time ya kusoma yote. Kama uko Pwani na una gari ya zamani unayoipenda na hutaki iliwe na kutu, achana na ile andasili nyeusi ya lami inayopakwa chini ya gari, tafuta mtu akupigie mafuta ya sufu ya kondoo, hata kama ni ghali na hata kama yananuka, na yananuka kweli. Mimi nayapa nyota 4 kwa 5, ile moja niliyoikata nitaeleza mbele.

Gari yenyewe ni Datsun 1200 pikapu, ile ndogo ambayo ukipita Majengo lazima mzee mmoja akuinulie mkono, maanake ama babake alikuwa nayo ama yeye mwenyewe alibebwa nyuma na magunia ya nazi. Injini iliyokuja nayo ni A12, cc 1171. Sasa hivi ndani kuna A15 ya cc 1488, ni familia ile ile, walikuwa wakiitia kwenye Nissan Vanette, kwa hivyo inakaa pale pale bila kukatakata chuma. Kabureta ni Weber, eksozi imefunguliwa kidogo, gari imeshushwa chini, rimu pana. Wamarekani mchezo huu wanafanya na Ford za 1932, wanatoa madigadi wanatia V8 wanaita hotirodi, sisi huku tuna Datsun na Toyota DX na roho ni hiyo hiyo, gari nyepesi injini kubwa na kelele ya kutosha mtaa ujue umerudi. Na Datsun hapa Kenya si mgeni, 1600 SSS ilichukua Safari Rally 1970, halafu 240Z ikachukua 1971 na 1973, kwa hivyo mtu asikuambie ni gari ya kubebea mboga. Ila jamani logibuku, namba ya injini ikibadilika peleka NTSA, ile mamlaka ya usafiri, ibadilishwe, usije ukaanza kujieleza kwa askari saa sita mchana na jua lile.

Sasa kutu. Watu wengi wanafikiria adui ya gari hapa kwetu ni jua. Jua linamaliza rangi na dashibodi, sawa, lakini rangi unapiga tena. Kinachomaliza gari Pwani ni chumvi, na chumvi haihitaji mvua. Chumvi ya kawaida, hii ya mezani, hewa ikifika unyevu wa asilimia 75 hivi inaanza kuvuta maji yenyewe mpaka inayeyuka, na Mombasa usiku na alfajiri mara nyingi tuko juu ya hapo. Maana yake gari imesimama tu kwa parking, haijanyeshewa, haijaoshwa, na chuma chini kimelowa maji ya chumvi usiku kucha. Wakati wa Kusi ndio balaa zaidi maanake upepo unatoka baharini moja kwa moja, wanaokaa Nyali na Bamburi upande wa bichi wanajua, futa kioo cha mbele jioni asubuhi utakikuta kina ukungu mweupe, ulambe ni chumvi tupu.

Ongeza Likoni. Maji yakijaa pale kwenye ngazi ya feri unaingia na taya, yaani tairi, ndani ya maji ya bahari, yanaruka mpaka ndani ya madigadi, halafu unaenda zako Ukunda na jua linakausha. Siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, mimi na hii gari feri nimeacha kabisa, heri nichome petroli nizunguke.

Na kitu kingine hakisemwi: kawoshi nyingi za hapa zinatumia maji ya kisima na visima vyetu vingi ni maji ya chumvi. Unalipa mtu akuoshee gari na chumvi! Kabla hujashuka uliza, haya ni maji matamu ama ya chumvi, na ukiona kijana anasita washa gari uondoke.

Aliyeniuzia gari alikuwa ameipigisha andasili nyeusi, ile ngumu, na kwa macho ilikuwa safi sana, ungeona chini ungesema imetoka kiwandani. Nikaipandisha juu fundi akachukua bisibisi akagonga gonga. Pale panapolia tii panajulikana ni chuma, lakini kwenye kona nyuma ya taya la mbele kulia ilikuwa kimya, akasukuma bisibisi ikaingia mpaka mpini. Akabandua kile kipande cheusi kikatoka kizima na ndani yake kimebeba kutu la magamba, limelowa, limelowa wallahi na gari haikuwa imeguswa na maji. Ndio tabia ya kile kitu, mwanzo kinashika vizuri, halafu joto na mtikisiko wa barabara vinakipasua ufa mdogo hata huuoni, chumvi inaingia kwa ufa, na ikishaingia haitoki, inalala mle na chuma chako mlango umefungwa. Panel bita, fundi wa bodi, alikula pesa zangu pale, siongei.

Baada ya kuchomelea na kupiga praima ndio nikaenda kwa mafuta ya sufu. Ni mafuta yanayotoka kwenye manyoya ya kondoo, jina lake la kitaalamu lanolini, ndio yale yale wanatia kwa krimu za kina mama wanaonyonyesha. Kondoo anashinda kwa mvua na ngozi haiozi kwa sababu ya hayo mafuta. Kwa chuma uzuri wake ni kwamba hayakauki yakawa gamba, yanabaki laini laini miezi na miezi, jiwe likikwaruza yanajisogeza yenyewe yanaziba, na yanatambaa kuingia kwenye maungio ambako brashi haifiki. Hayana ufa wa kuficha kitu, mchezo umeisha.

Fundi wangu ana gereji ndogo Changamwe, kazi yake kubwa ni matrela, ukimpelekea kagari kama haka anafanya kama mapumziko. Siku ya kwanza hakupiga chochote. Aliosha chini na maji matamu, akatoa taya zote, akatoa mati na karpeti, akaacha gari imefunguliwa milango ikauke, na kesho yake akapitisha kompresa kila tundu mpaka upepo ukatoka mkavu. Hapa ndipo utamjua fundi, mtu anayekupigia mafuta juu ya chuma kibichi anakufungia maji ndani, hakuna tofauti na yule wa lami.

Halafu akaanza na matumbo ya gari. Anao mpira mwembamba wa plastiki, mrefu kuliko mlango, mwisho una pua ya shaba yenye matundu pande zote. Anauingiza kwenye tundu la kizingiti, pale chini ya mlango, mpaka mwisho, anafungua kompresa, halafu anauvuta polepole huku unasikia ndani shiiii, na wewe unaangalia kule chini kwenye vitundu vya kutolea maji, mafuta yanaanza kudondoka ya rangi ya asali, hapo anajua pameenea anahamia kipande kingine. Milango vivyo hivyo, bonati kwenye mbavu zake, reli za chesi, chini ya ile bodi ya kubebea mzigo ambako bati mbili zimelaliana, hapo Datsun zote zinaoza, angalia yako sasa hivi. Nikamuuliza vile vitundu vya chini si uvizibe maji yasiingie? Akacheka, "Ndugu yangu, nikiziba hapo nitakuwa nimekutengenezea tangi." Kumbe vingi vilikuwa vimeshazibwa na matope na rangi ya zamani, akavizibua na waya kimoja kimoja.

Alichokwepa: diski na ngoma za breki alizifunga na nailoni, eksozi akaiacha, na bushi za raba akazizungushia tepu, maanake haya mafuta raba ya asili yanaivimbisha. Mtu akikuambia anapiga kila kitu chini bila kufunika, mshukuru uende.

Nililipa 22,000, mafuta na kazi. Najua mtu atasema oil chafu ya injini ni bure, mwagia hiyo. Oil chafu ina asidi na masizi, inadondoka yote ndani ya wiki chache, inachafua ardhi, na ukimpelekea fundi kesho achomelee kitu pale chini atakutukana, kwa haki.

Haya, ile nyota. Kwanza harufu. Kwa muda wa wiki kadhaa gari inanuka zizi la kondoo siku ya mvua, na ukiegesha juani ukafunga vioo ukirudi utafikiri kuna sadaka nyuma. Mke wangu alikataa kupanda mpaka ilipoisha. Pili, joto la Februari na Machi linayalegeza yanadondoka, mwenye nyumba ameshanipigia simu kuhusu madoa kwenye kabro, sasa natandika katoni. Tatu, vumbi linashika, chini hapapendezi kabisa, kama wewe ni mtu wa maonyesho ya kuwekea kioo chini ya gari hii si kazi yako. Nne, si ya kupiga ukasahau. Ndani ya vizingiti yanakaa, lakini kwenye madigadi maji ya taya yanayaosha, mimi kila mwaka sehemu hizo narudia, kwingine napitia tu.

Kuhusu kava, hapa najua nitabishiwa. Nilikuwa na ile ya nailoni isiyopitisha maji, imeandikwa kinga ya asilimia mia. Asubuhi ukiifunua ndani imejaa matone, gari imelala ndani ya mvuke, na wakati wa Kusi upepo unaipigapiga juu ya rangi na mchanga katikati, ni msasa huo. Rangi ya kwenye paa ilianza kutoa malengelenge madogo. Nikampa jirani afunikie kuni. Banda la makuti lililo wazi pande zote linashinda kava yoyote, kivuli na hewa, basi. Ukikosa banda tafuta kava ya kitambaa kinachopumua, na uifunge kwa kamba isicheze.

Joto la injini watu wananiuliza sana kwa hivyo haraka haraka. Thamostati, ile vali inayozuia maji kwenda kwa rejeta mpaka injini ipate moto, iko na itakaa, fundi akisema "hapa Mombasa tunatoa" mwambie aiache, injini ikikimbia baridi mafuta hayachomeki sawa na silinda zinakwisha. Kifuniko cha rejeta kiwe kizima, wengi wanakidharau na ndicho kinachoshika presha, kikishika baa 0.9 maji hayachemki mpaka karibu digrii 118. Ndani tia kulanti, ukikosa basi maji ya chupa, ya kisima hapana, tumeshaongea. Nimeweka feni ya umeme ya kuvuta na kikinga feni chake, foleni ya Kibarani sasa nakaa bila wasiwasi. Shida iliyobaki ilikuwa ukizima gari ya moto dakika kumi ukirudi haiwaki, petroli inachemka ndani ya kabureta. Kibao cha plastiki ngumu kati ya kabureta na manifoldi kimepunguza sana, na bomba la petroli nikaliondoa karibu na eksozi.

Waya za arthi nazo zifungue zote, sugua mpaka chuma king'ae, funga, paka mafuta ya mgando juu. Nusu ya matatizo ya umeme ya gari za Pwani ni hapo, taa zinafifia mtu ananunua oltaneta mpya bure.

Viti vyangu ni rexini nyeusi ya zamani, saa saba mchana vinachoma paja kweli, natandika leso, nyingine naitupa juu ya dashibodi nikiegesha. Rahisi, inafulika, na mama akiipenda anaichukua.

Halafu muiendeshe. Najua kuna watu wameficha gari nzuri kabisa mwaka mzima kwa kuogopa hewa ya bahari, na zinaoza pale pale zilipo, breki zinashika, petroli inakuwa gundi, unyevu unakaa kwenye injini oil. Gari ikipata moto vizuri maji ya ndani yanatoka. Mimi Jumapili alfajiri kabla malori hayajaamka natoka Nyali, Mtwapa, napita Vipingo mkonge pande zote mbili, vioo chini, A15 pale kwenye gia ya tatu inaanza kuimba, mpaka daraja la Kilifi, chai na mahamri, narudi kabla jua halijawa kali. Nikifika nyumbani kabla hata sijavua viatu napiga maji matamu chini, dakika chache tu, ndani ya madigadi na nyuma ya bampa.

Kwa anayetaka kufanyiwa, wakati mzuri ni kipindi cha Kaskazi, Januari mpaka katikati ya Machi, chuma kinakauka vizuri na unawahi kabla masika hayajaanza. Tenga siku mbili za gari kulala gereji. Na uende na vile vizibo vya raba vya sakafuni vipya, vya zamani vikitolewa vinakatika na yule fundi hana.