Uzoefu wangu wa kununua nyumba mpya Uingereza: masharti na tozo zilizofungwa kwenye hati

Mwaka jana nilinunua nyumba mpya ya vyumba vitatu nchini Uingereza kutoka kwa kampuni iliyoijenga. Nyumba yenyewe sina la kuilalamikia. Ninachotaka kukieleza ni karatasi zilizokuja nayo.

Hati ya mauziano ilikuwa na makatazo 14: nisiegeshe gari la biashara mbele ya nyumba, nisijenge uzio upande wa barabarani, nisiongeze chumba bila kibali cha maandishi cha kampuni, na kadhalika. Kwa sheria ya huko, tangu hukumu ya Tulk dhidi ya Moxhay ya mwaka 1848, katazo la namna hii huweza kumfunga hata mnunuzi wa baadaye ambaye hakutia saini yoyote, mradi limeandikwa kwenye sajili ya ardhi. Mengi niliyakubali bila kinyongo, kwa kuwa yanamfunga jirani kama yanavyonifunga mimi. Moja tu lilinitia shaka: mke wangu hushona nguo za wateja nyumbani, na hati ilikataza biashara ya aina yoyote. Wakili wetu aliomba idhini, tukaipata kwa barua kabla ya kubadilishana mikataba na kampuni, hatua inayozifunga pande zote mbili.

Tozo ndiyo iliyoninyima usingizi. Nyumba ilitangazwa kuwa ya umiliki kamili, nami nilidhani kwamba mwenye umiliki kamili akishalipa bei hadaiwi tena na mtu. Kumbe barabara ya ndani, uwanja wa watoto na bwawa la kupokea maji ya mvua havikuchukuliwa na halmashauri, kwa hiyo matunzo yake tunayalipa sisi kupitia kampuni ya usimamizi, na kodi ya halmashauri tunailipa vilevile bila punguzo. Pauni 215 za mwaka wa kwanza hazikunitisha. Kilichonitisha ni kwamba hati haikuweka kikomo chochote.

Isitoshe, tozo hiyo imefungwa kwenye ardhi yenyewe, na kifungu cha 121 cha Sheria ya Mali ya mwaka 1925 kinampa anayeidai uwezo wa kumkodishia nyumba yako mdhamini, yaani mtu wa kuishika kwa niaba yake, ikiwa malipo yamechelewa siku 40, hata kama deni ni dogo mno. Naiona adhabu hii kuwa dhuluma, na ninalisema hilo waziwazi. Benki iliyotukopesha nayo haikuridhika, hivyo wakili akadai kiongezwe kipengele cha kuiondoa nguvu hiyo. Kampuni iliyojenga ilikataa mara mbili, ikakubali mara ya tatu, siku chache kabla ya kwisha muda ambao ilikuwa imekubali kutushikia nyumba bila kumuuzia mwingine.

Wakili huyo nilimtafuta mwenyewe, ingawa kampuni iliyojenga ilinipendekezea wakili wake kwa punguzo la ada. Alinigharimu pauni 400 zaidi, na alikuwa mzito wa kujibu barua pepe, lakini alisoma kila ukurasa. Upungufu wake mmoja ni kwamba alinigusia kwa sentensi moja tu kizuizi kilichowekwa kwenye sajili: siku nitakapouza, mnunuzi hataandikishwa mpaka kampuni ya usimamizi itoe cheti kwamba sidaiwi. Nilipouliza ada ya cheti hicho niliambiwa ni pauni 180, na hati haisemi itapandishwa kwa kipimo gani.