Kurasa 16 za Seneca nilizodhulumiwa

Naandika haya bado nimekereka. Kitabu ni barua za Seneca, mwanafalsafa wa Roma ya kale, kwa rafiki yake Lucilius, toleo la barua teule, nililonunua kwenye duka moja la vitabu mjini muda mfupi baada ya kumzika mdogo wangu. Mwenzangu wa kazini ndiye aliyenielekeza: soma barua ya 63, iliandikwa kwa mtu aliyefiwa.

Niliisoma siku ile ile, nimekaa kitandani, kanga ya msibani ingali mabegani. Inaanza vizuri. Flaccus, rafiki wa Lucilius, amefariki, na Seneca anampa pole. Kisha anageuka: usihuzunike kupita kiasi. Macho yasiwe makavu, lakini yasibubujike. Umemzika uliyempenda, basi tafuta wa kumpenda. Ukurasa ukaishia hapo. Uliofuata ulianza na barua nyingine.

Nilichukia mno. Tafuta wa kumpenda! Mdogo wangu wa tumbo moja, nimpate wapi mwingine? Nikasema Wastoiki, wanafalsafa hawa wa kuvumilia, ndivyo walivyo, mioyo ya mawe, na huyu zaidi, tajiri aliyemfundisha Kaisari Nero, anajua nini kuhusu msiba? Nikakitupa kitabu juu ya kabati, kikakaa huko miezi.

Mwanangu ndiye aliyegundua alipokuwa anakipekua. Kutoka ukurasa wa 112 kinaruka hadi 129. Kurasa 16 hazipo, na wala hazikuchanwa: ukipitisha kidole kwenye mshono huoni hata kipande cha karatasi kilichobaki. Nikaitafuta barua nzima mtandaoni usiku ule, nikaisoma kwenye simu. Nililia upya.

Kumbe barua haikuishia pale. Aya chache mbele Seneca anaungama kwamba yeye anayeandika hayo yote alimlilia rafiki yake Annaeus Serenus bila kiasi, hadi akawa mmoja wa mifano ya watu walioshindwa na huzuni. Serenus alikuwa mkuu wa kikosi cha zimamoto na ulinzi wa usiku cha Roma, na kwa umri alikuwa mdogo sana kwake. Kilichomvunja Seneca, anasema, ni kwamba hakuwahi kuwaza kuwa mdogo angekufa kabla yake, kana kwamba kifo hufuata mpangilio wa umri. Ni mimi huyo! Ni mimi kabisa. Halafu anamalizia: huenda huyu tunayemdhania amepotea ametangulizwa tu. Ametangulia. Neno lile lile tulilokuwa tukiambiana matangani, Mrumi huyu alishaliandika kwa Kilatini karibu miaka 2,000 iliyopita, na akatanguliza "huenda" kwa sababu hakutaka kumdanganya mfiwa.

Hayo ndiyo niliyonyimwa wakati nayahitaji.

Nikarudi dukani. Kijana wa kaunta hakukifungua hata kitabu. "Mama, umekaa nacho miezi yote hiyo." Nikamweleza habari ya msiba, nikamwonyesha 112, nikamwonyesha 129. Akamgeukia mwenzake, mimi nimesimama pale pale: "Si falsafa ya kuvumilia hiyo? Basi avumilie."

Seneca ana vitabu vitatu kuhusu hasira, na humo anasema dawa yake kubwa ni kungoja. Nimengoja wiki kadhaa. Kwa duka lile haijapoa, na sirudi tena.

Nilipoanza kuandika nilitaka kuwaambia msikinunue kitabu hiki, nyota moja, basi. Sasa siwezi. Nimezichapisha zile aya kwenye karatasi, nimezikunja na kuzitia kati ya 112 na 129, na kitabu kimeshuka kabatini, kiko karibu na mto wangu. Duka nalipa nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu nyota sifuri haikubaliwi. Seneca nampa zote. Ukikuta nakala ya toleo hili, hesabu kurasa zake pale pale kaunta kabla hujatoa hela.