Helmeti ya kuchomelea inayojitia giza: uzoefu wangu kama mchomeleaji wa kujifurahisha

Nachomelea kwa kupenda, si kwa riziki. Natengeneza rafu, viti, lango dogo, narudishia bawaba iliyong'oka, kisha mashine inasukumwa pembeni na kukaa wiki kadhaa bila kuguswa. Nalitaja hilo mapema kwa sababu sifa zinazotangazwa za helmeti hizi zimemlenga fundi anayeivaa kutwa kucha, ilhali yangu muda mwingi imening'inia ukutani. Ya mtu kama mimi haichoshwi na kazi, inaharibikia kwenye kukaa: betri inaisha kimyakimya, vumbi linaziba sensa zinazohisi mwako, joto linatesa kioo, na plastiki ya mbele imechakaa lakini ya akiba hakuna. Nikichagua leo, nachagua kwa jicho hilo.

Niliyo nayo ni ya daraja la kati. Ina sensa nne, giza la namba 9 hadi 13, hali ya kusaga (ya kutumia ukiwa na mashine ya kusagia chuma), na betri moja ya duara aina ya CR2450 inayosaidiwa na kipande cha sola juu ya kioo. Kabla yake nilivaa kofia yenye kioo cheusi cha kudumu, ile unayoiangusha usoni kwa kutikisa kichwa halafu ukaomba fimbo ya kuchomelea isiwe imehama. Tofauti ni kubwa mno kwa asiye na mkono wa kila siku. Sasa naiona ncha ya fimbo pale pale kwenye kiungo kabla haijawaka, na naanza pale nilipokusudia. Kwa kushikiza vipande vidogo vidogo, ambako unawasha na kuzima mfululizo, sitamani tena ile ya zamani.

Vioo hivi si vipya. Speedglas ya Uswidi ilianza kuuzwa mwaka 1981, na hadi leo kanuni ni ile ile: tabaka za fuwele za kimiminika zimewekwa kati ya vichujio vya kupolaraizi mwanga, yaani vinavyopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu; sensa zikiona mwako, umeme mdogo unazigeuza fuwele na mwanga unazibwa. Kinachowatisha wengi ni hili: je, kikichelewa? Nao mara nyingi hawajui kwamba miale ya urujuanimno na ile ya infraredi haizuiwi na fuwele hizo. Inazuiwa na tabaka la kudumu lililopakwa kwenye kioo, ambalo linafanya kazi hata betri ikiwa imekufa. Kioo kisipojitia giza utapigwa na mwanga mkali, utakasirika, utaona madoa kwa muda. Lakini yale macho yanayowasha usiku kama yamemwagiwa mchanga hutokana na urujuanimno. Hayo ni kweli kwa kioo kilichothibitishwa. Kisicho na alama yoyote ya kiwango sikiweki usoni, hata kikipewa bure.

Ndiyo maana namba za kasi ya kujitia giza hazinibabaishi. Moja inajinadi kwa 1/16,000 ya sekunde, nyingine 1/25,000, na jicho la binadamu haliwezi kuzitofautisha. Namba ninazozisoma ni zile nne zilizopigwa mhuri kwenye kioo kwa mujibu wa kiwango cha Ulaya EN 379, mfano 1/1/1/2. Ya kwanza ni ubora wa kuona bila picha kupinda, ya pili ni mtawanyiko wa mwanga, ya tatu ni usawa wa giza kutoka sehemu moja ya kioo hadi nyingine, ya nne ni giza linavyobadilika ukitazama kwa upande. 1 ndiyo bora na 3 ndiyo ya mwisho. Ukiwa umelala chini ya fremu unachungulia kwa pembeni, ile namba ya nne utaihisi. Helmeti ya rafiki yangu ina 3 hapo, na kona moja ya kioo huonekana imefifia kuliko nyingine, anasema amezoea. Mimi nisingezoea.

Sensa mbili zinatosha kwa kazi ya mezani. Shida ni pale bomba, au mkono wako mwenyewe, unapokaa kati ya mwako na sensa: kioo kinafunguka ghafla katikati ya mshono. Kwa sensa nne jambo hilo limenitokea kwa nadra. Mwenye mashine ya TIG (ya kuchomelea kwa ncha ya tungsteni na gesi) anayechomelea bati jembamba aangalie pia helmeti inatambua mwako kuanzia ampia ngapi, maana mwako wa ampia chache ni mtulivu na baadhi ya helmeti za bei ya chini huukosa.

Kuhusu namba ya giza, watu hudhani kubwa ndiyo salama zaidi. Kila ukipanda namba moja, mwanga unaopita unapungua takribani mara 2.7, kwa hiyo kutoka 9 hadi 13 ni tofauti ya mara 50 hivi. Ukiweka 13 kwa kazi ya fimbo ya ampia 90 hutaliona dimbwi la chuma kilichoyeyuka, utasogeza uso karibu na moshi, na mshono utatembea kama mlevi. Kwa fimbo kati ya ampia 60 na 160 natumia 10. Kwa MIG (ya waya unaojilisha wenyewe) ya kiwango hicho napanda hadi 11. Njia yangu ni kuanza na giza zaidi na kushuka hadi nione dimbwi na kingo zake vizuri, bila kwenda chini ya kima kilichopendekezwa kwa kazi hiyo. Ukimaliza na macho yamechoka, panda namba moja.

Kuna vitufe viwili zaidi ambavyo wengi hawavigusi. Cha wepesi wa kuhisi nakishusha nikiwa nje kwenye jua au chini ya taa za LED, la sivyo kioo kinajitia giza na kufunguka bila sababu. Cha kuchelewa kufunguka nakiweka kifupi ninaposhikiza, na kirefu kwa ampia kubwa, kwa sababu chuma kinabaki kikiwaka baada ya mwako kuzimika. Hali ya kusaga ninaiogopa kidogo: humo kioo kinabaki cheupe hata ukiwasha fimbo. Kwenye yangu kitufe chake kiko nje na taa ndogo humeta kama onyo, na hiyo ni sababu tosha ya kuipendelea. Ikiwa kitufe kiko ndani na hakuna onyo, afadhali miwani ya kawaida na ngao ya kusagia. Miwani ya usalama navaa chini ya helmeti kwa vyovyote. Slagi, lile gamba linalofunika mshono, hurukia mtu pale anapoifunua helmeti.

Sasa utunzaji, ambako ndiko helmeti nyingi za kujifurahisha hufia. Plastiki ya mbele ya polikaboneti ipo ili iharibike badala ya kioo. Cheche hujishika juu yake, moshi unaitia ukungu, na mtu anaanza kulaumu macho yake au kupunguza namba ya giza. Badilisha plastiki. Kabla ya kununua helmeti yoyote ulizia kwanza kama plastiki zake, za nje na za ndani, zinapatikana zikiuzwa peke yake, na ununue kadhaa siku hiyo hiyo. Ukiweka mpya, bandua ule utando mwembamba wa kiwandani; nimeona mtu akichomelea nao na kulalamika kwamba haoni.

Kusafisha ni kitambaa laini chenye maji na sabuni kidogo, kisha kikavu. Asetoni na thina ni mwiko, kwa kuwa hufanya polikaboneti kupasuka nyufa ndogondogo. Kioo chenyewe nakifuta tu, sikitumbukizi wala sikipulizii kitu, maana unyevu ukiingia kingoni hautoki. Sensa nazo zifutwe. Kioo kikipata ufa, hata mdogo, kinatupwa.

Kwa kuwa yangu hukaa sana, kabla ya kazi naielekeza kwenye rimoti ya televisheni na kubonyeza. Sensa za helmeti nyingi huona infraredi yake na kioo hujitia giza. Kiberiti cha gesi nacho husaidia. Kikisita, nabadilisha betri. CR2450 haichajiki, na sola haimaanishi kwamba betri ni ya milele, kwa hiyo helmeti ambayo betri yake imefungiwa ndani moja kwa moja siishauri kwa mtu wa kuchomelea mara moja moja. Naihifadhi ndani ya mfuko wa kitambaa, kivulini. Vijitabu vingi vinataja joto la kutumia kati ya nyuzi -5 na 55, na gari lililofungwa juani laweza kupita hapo. Kwenye baridi kali fuwele huwa nzito kugeuka, basi naipasha moto kidogo ndani kwanza.

Ninacholalamikia kwenye yangu ni mkanda wa kichwa. Gurudumu la kukazia lilianza kuteleza mapema, nikaubadilisha kwa mkanda wa helmeti nyingine ulioingia bila shida. Povu la jasho nalo linanyonya kila kitu. Nimelivalisha kitambaa cha pamba kinachofulika. Na kwa wenye miwani ya kusomea: ndani ya helmeti nyingi kuna mfereji wa kupachika lenzi ya kukuza, ya 1.5 hadi 2.5. Nilipoiweka, mishono yangu ilinyooka zaidi kuliko nilipobadilisha mashine. Ukichomelea huku dirisha liko nyuma yako, mwanga huakisiwa ndani ya kioo na unajiona uso wako mwenyewe. Kipande cha pamba nzito kilichoning'inizwa nyuma ya helmeti hadi mabegani kinatosha kuuzuia.