Resini ya poliesta na ya epoksi kwenye boti kuukuu ya faiba: uzoefu wangu

Boti niliyoinunua ni ya faiba, yenye urefu wa futi 14, iliyokuwa imelala kifudifudi chini ya mkwaju kando ya hori la Mtwapa kwa miaka kadhaa, na mwenyewe aliniuzia kwa bei ya chini kwa sababu pale nyuma, injini inapofungwa, palikuwa pakicheza. Kwa kuwa nafanya kazi ofisini siku tano za wiki, ukarabati wote niliufanya Jumamosi na Jumapili. Nitazungumzia resini mbili nilizotumia, yaani gundi za majimaji zinazolowesha faiba na kukauka zikawa ngumu, kwani ndizo zilizonila fedha.

Nilianza na poliesta, ambayo ni rahisi na imezoeleka kwa mafundi, pamoja na mkeka wa faiba wa gramu 450 kwa mita ya mraba. Dukani niliuziwa kopo la kilo 5 lisilo na maelezo wala tarehe, na kichupa cha hadina, yaani dawa ya kukazisha resini, na nilipouliza kipimo, muuzaji alinijibu, "Kadiria tu, ndugu yangu, itakaza." Nilikadiria. Jua lilikuwa la Februari, na kabla sijapaka hata nusu, kopo lilianza kufuka moshi mkononi mwangu, resini ikaganda na kupasukapasuka. Fundi mmoja mzee, baada ya kucheka vya kutosha, alinifunza kupima kwa mizani ya jikoni: gramu 10 za hadina kwa kilo moja ya resini, yaani asilimia 1, zinatosha kwa joto letu, na mchanganyiko uwekwe kidogo kidogo katika chombo kipana, maana resini ikirundikana hujipika yenyewe. Aliniambia pia nivae miwani, kwa sababu tone la hadina likiingia jichoni linaweza kumpofusha mtu. Tangu hapo poliesta haikunisumbua, na viraka vya omo (mbele ya boti) na ubavuni vimeshika vizuri.

Nyuma ndiko kulikonitoa jasho. Nilipogonga kwa nyundo, sauti ilikuwa nzito na butu, na nilipokata faiba ya ndani, plaiwudi ilitoka kama machicha ya nazi. Niliweka mpya na kuifunika kwa poliesta, lakini wiki mbili baadaye kisu kilipenya ukingoni na tabaka zima likabanduka, huku faiba ya zamani iliyo chini yake ikiwa bado inang'aa. Kosa moja lilikuwa langu, kwani msasa niliupitisha juu juu. Hata hivyo, poliesta haishiki faiba iliyokwisha kukauka kwa nguvu kama epoksi.

Epoksi iligharimu karibu mara tatu ya poliesta. Safari hii nilichonga ukingo kwa mteremko wa 12 kwa 1, hivyo kwa faiba yenye unene wa milimita 5 nilikwangua milimita 60, na mahali pa mkeka nikatumia kitambaa cha faiba kilichofumwa, kwa sababu gundi inayoshikilia nyuzi za mkeka wa kawaida huyeyushwa na poliesta, si epoksi. Epoksi yangu huchanganywa sehemu mbili za resini kwa moja ya hadina, na hapa hakuna kuongeza hadina ili ikaze upesi. Ukizidisha, inabaki laini. Kila asubuhi nilikuta utando wa mafuta juu yake, ambao huoshwa kwa maji baridi na sponji kabla ya kupiga msasa.

Huu ni mwezi wa sita tangu nimalize, injini ya nguvu farasi 15 inaning'inia pale na hapachezi. Ningeinunua tena epoksi kwa sehemu hiyo na kwa chini ya maji, na poliesta kwa viraka vya juu. Malalamiko yangu ni mawili: gelikoti ya kawaida (tabaka la nje la rangi linalong'aa kwenye boti za faiba) haikauki vizuri juu ya epoksi, nami nililazimika kununua rangi ya makopo mawili ya kuchanganya ili jua lisiile, na viganja vyangu vilivimba kwa siku nne kwa kuwa nilivaa glavu zilizotoboka.