Kombeo au mzunguko kamili: mtoto anayeanza kurusha softboli afundishwe ipi?

Softboli ni mchezo kama besiboli, ila mpira anarushiwa mpigaji kwa mkono wa chini. Kombeo ni ile staili ya kupeleka mkono nyuma alafu unaurudisha mbele kama bembea, mzunguko ndo ule wa warushaji wakubwa, mkono unapita juu ya kichwa digrii 360 mpaka nyongani.

Kwa shabaha kombeo inashinda mwanzoni, mkono unasafiri njia fupi kwa hiyo mtoto anajua mapema pa kuachia mpira, na kwa wa chini ya miaka 10 wanaorushia futi 35, yaani kama mita 10.7, straiki, yaani mipira inayopita eneo halali la mpigaji, zinaanza kuonekana haraka na hamu inabaki. Kasi ni mzunguko, hapo hakuna ubishi. Akifika 14 umbali unakuwa futi 43 na kombeo itamtesa.

Sasa bega, na hapa ndo naomba wazazi wasikilize kabisa. Watu wanaogopa lile duara lakini mara nyingi shida ni mtoto kukaza mkono na kulazimisha mpira kwa bega badala ya kujisukuma kwa mguu, mkono unatakiwa ulegee, kiwiko kikunjike kidogo, kigasha kipite kikigusa nyonga. Hiyo ni kwa staili zote mbili, na zote zinachosha, apumzike.

Kama ana miaka 8 na mechi ni wiki ijayo, mpe kombeo. Kama mna miezi kadhaa na mtu wa kumdakia kila jioni, anza mzunguko polepole, karibu karibu kwanza.