Kabla ya kununua vitabu vya watakatifu, hesabu sura

Kilichonifanya ninunue Maungamo ya Mtakatifu Augustino ni jalada. Lilikuwa na yale maneno yake mashuhuri ya kuchelewa kumpenda Mungu, yamechapwa kwa rangi ya dhahabu. Nikasoma ukurasa baada ya ukurasa nikiyasubiri. Monika, mama yake, akafa, Augustino akamlilia, kitabu kikaisha. Maneno ya jaladani hayamo ndani! Yako katika kitabu cha 10, sura ya 27. Augustino aliyagawa Maungamo katika vitabu 13, yaani sehemu 13 za kazi moja, mimi nikauziwa 9. Nilipolalamika, muuzaji akasema hivyo vinne vya mwisho ni falsafa tu, watu hawavisomi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kwa hiyo sitakuchosha na habari za ukubwa wa herufi, utepe wa kuwekea alama wala ubora wa karatasi. Hayo una macho ya kuyaona. Mimi natazama jambo moja: je, kitabu kimekatwa kimyakimya? Kufupisha si kosa, ila kufupisha bila kumwambia mnunuzi ni wizi wa kistaarabu. Funua nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu. Jina la mfasiri lipo? Mwaka wa tafsiri je? Kama hakuna, kirudishe rafuni. Asiyethubutu kutaja aliyefasiri hatakutajia alichoacha.

Namba moja kwangu ni tawasifu ya Teresia wa Mtoto Yesu, mtawa Mkarmeli wa Ufaransa, katika toleo la ICS Publications, wachapishaji wa shirika hilohilo la Wakarmeli, huko Washington. Sijifichi, nawapendelea hawa. Sababu ni hii. Teresia alifariki tarehe 30 Septemba 1897, na mwaka uliofuata nakala 2,000 za kwanza zikatoka. Lakini dada yake Pauline, aliyeitwa Mama Agnes monasterini, alikuwa amezipitia karatasi na kurekebisha maelfu ya mahali. Kubwa zaidi, Teresia alikuwa amewaandikia watu watatu: Mama Agnes mwenyewe, dada yao Marie, na mkuu wa monasteri, Marie de Gonzague. Toleo la 1898 liliyaunganisha yote yakasomeka kana kwamba aliandikiwa huyo mkuu peke yake. Hebu fikiria: barua kwa dada yako na taarifa kwa mkubwa wako zimwagwe katika chungu kimoja! Sauti zinatofautiana, na utani wa nyumbani hausikiki vilevile ukielekezwa kwa mkubwa.

Maandiko kama alivyoyaacha mwenyewe hayakuchapishwa mpaka 1956. Maana yake, tafsiri yoyote iliyofanywa kabla ya hapo, kwa lugha yoyote, imetokana na maandishi yaliyorekebishwa, na tafsiri hizo bado zinauzwa kwa majalada mapya kabisa, zenye maua ya waridi kila kona. Kipimo ni rahisi. Tafuta kama kitabu kimegawanywa katika Maandiko A, B na C, yaani moja kwa kila mmoja wa wale watu watatu. Tafsiri ya Kiingereza ya John Clarke, ya 1975, inakuonyesha hata mahali Teresia alipoishiwa nguvu akaacha wino na kumalizia kwa penseli. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu kwa muda.

Namba mbili ni hayohayo Maungamo, sasa yakiwa mazima. Chukua tafsiri ya Maria Boulding, mtawa Mbenedikto, iliyotolewa na New City Press mwaka 1997. Ile ya F. J. Sheed nayo ni nzuri, ina moto zaidi pengine. Usikubali mtu akuambie kitabu cha 10 ni nyongeza. Humo ndimo Augustino anapoacha kusimulia ujana wake na kukiri alivyo sasa, akiwa askofu, na vishawishi ambavyo bado vinamsumbua. Cha 11 kinauliza wakati ni nini, viwili vya mwisho vinatafakari mwanzo wa Kitabu cha Mwanzo. Ukiviondoa, unabaki na hadithi ya kijana mkorofi aliyeongoka, basi.

Namba tatu ni Ngome ya Ndani ya Teresia wa Avila, aliyoiandika 1577. ICS tena, tafsiri ya Kavanaugh na Rodriguez. Makao, yaani sehemu za kitabu, ni 7, sura ni 27, na makao ya sita peke yake yana 11. Hesabu. Huyu mama anahama mada, anaomba radhi, anasahau alikofikia, anarudi. Nikiona toleo lililonyooka kama hotuba, nashuku kuna mtu amempiga pasi.

Fransisko wa Sale na mwongozo wake wa maisha ya ibada kwa Filothea (ndivyo anavyomwita msomaji wake), wa 1609, anakuja wa nne: sehemu 5, na ni kitabu cha walei wenye kazi na familia. Kumfuasa Kristo cha Thomas wa Kempis ni cha tano. Hapa hesabu mpaka nne tu, kwani kitabu cha 4 kinahusu Ekaristi, na baadhi ya matoleo ya Kiprotestanti yalikiacha tangu karne ya 16. Mkatoliki akikinunua bila hicho, amenunua karamu bila meza.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki siiweki kwenye orodha, maana hiyo ni ya kurejea. Lakini kabla ya kulipa fungua namba 2267, kuhusu adhabu ya kifo. Ilirekebishwa 1997, ikabadilishwa tena 2018, na sasa inasema adhabu hiyo haikubaliki. Nakala zenye maneno ya zamani bado zinauzwa kama mpya.

Za bei rahisi? Tafsiri za kale zilizoisha haki miliki zinapatikana bure kwenye intaneti. Zisome bure.

Na hapo ndipo hasira yangu ilipo. Maandishi hayohayo ya bure yanachapwa, yanavishwa ngozi na kingo za dhahabu, kisha unatozwa kuliko tafsiri mpya ambayo mtu ameitolea jasho. Wauzaji wa mtandaoni nao wanarundika sifa za tafsiri zote mahali pamoja: msomaji amemsifu Boulding, sifa zake zinatokea chini ya nakala isiyo na jina la mfasiri, nawe unaagiza ukitegemea nyota tano. Ukiuliza ina sura ngapi, unajibiwa ina kurasa ngapi.

Ile nakala yangu ya vitabu 9 bado ninayo. Nimeiandika jaladani, kwa kalamu nene, chini ya yale maneno ya dhahabu: hayamo humu.