Uzoefu wangu: Ganesh Chaturthi Mumbai, anzia vichochoroni Lalbaug baadae

Kama uko Mumbai mwezi wa nane au wa tisa, iwe umempeleka mgonjwa au umefuata mzigo, jamani usijifungie hotelini. Sikukuu ya Ganesh, mungu wa Kihindu mwenye kichwa cha tembo, inaanza siku ya Chaturthi (ya nne ya mwezi mwandamo) na shamrashamra zinaenda mpaka Anant Chaturdashi, ndo siku ya mwisho ya kuzamisha sanamu zake, kama siku kumi hivi, na kiingilio hakuna. Mimi sio Mhindu, nilikaribishwa kila nilipoingia, cha msingi vua viatu tu na uvae kiheshima.

Watu wote watakwambia nenda mtaa wa Lalbaug ukamuone Lalbaugcha Raja, yaani sanamu maarufu ya Ganesh, wanamweka pale tangu 1934. Ni kweli ni mkubwa na anapendeza, ila ile foleni aisee! Ziko mbili, ya wenye nadhiri wanaotaka kumgusa miguu, hiyo watu wanakesha kabisa, na ya kumuona usoni kwa mbali ndo kidogo ina nafuu. Ukifika mbele unasukumwa, songa songa, hata hujajua umeona nini ushatoka nje. Kuna kampuni ya utalii ilinichaji hela nzuri eti wana njia ya mkato, tulivyofika mwongozaji akatuonyesha mwisho wa foleni kama kila mtu halafu akawa bize na simu yake. Usilipe mtu kwa hilo.

Raha yote iko mtaa wa Girgaon, vichochoroni. Pale Keshavji Naik Chawl ndo wanasherehekea tangu 1893, kipindi Tilak, mpigania uhuru wa India, alipohamasisha watu waitoe sikukuu majumbani waifanye hadharani maana Mwingereza alikuwa anabana mikusanyiko ya kisiasa. Mpaka leo sanamu yao ni ndogo tu ya udongo, hawashindani na mtu, katikati ya zile nyumba za kupanga zenye varanda ndefu za mbao na nguo zimeanikwa juu. Mama mmoja akanishika mkono akanitilia modak, kitafunwa cha sikukuu hii, kiganjani, yamoto inachoma, unga wa mchele umefinywa mikunjo mikunjo mpaka kwenye ncha, ukiing'ata ndani nazi na sukari guru inachuruzika, yaani mtu wa pwani unajisikia uko kwa bibi. Nikataka kulipa akacheka, akaniongeza nyingine.

Siku ya kuzamisha sanamu baharini nenda mapema upande wa ufukwe wa Girgaon Chowpatty, shuka kituo cha treni cha Charni Road. Mtu mmoja anapiga kelele "Ganpati Bappa!" na barabara nzima inajibu "Morya!", ngoma zinakupiga kifuani, unga mwekundu wa gulal kila mahali, vaa nguo ambayo huitaki tena na simu itie kwenye nailoni sababu mvua nayo bado ipo. Sanamu za mtaani zinapita bega kwa bega na watoto wanacheza mbele, wakati Raja wa Lalbaug anatoka asubuhi na kufika baharini ni kesho yake asubuhi, kwahiyo wala usimsubiri.

Kisichonifurahisha ni yale masanamu ya plasta, hayayeyuki kama udongo, mawimbi yanarudisha vipande ufukweni. Siku hizi wanachimba na mabwawa ya kuzamishia ila hayatoshi.

Kurudi usiku usimsikilize dereva teksi anayekwambia treni zimeisha, usiku ule wanaongezaga za ziada.